Sikuizalia Lami

Vaileth aliujua mlio wa pikipiki ya Onesphory kuliko alivyoijua sauti yake mwenyewe. Ilikuwa na kikohozi kidogo pale inapopunguzwa gia, kikohozi cha mzee aliyepaliwa na ugoro, na siku zote kilisikika kwanza darajani, halafu penye msikiti, halafu chini ya dirisha. Jumapili ile alikisikia akiwa jikoni anapakua wali, na mwiko ukamponyoka. Asubuhi kanisani alikuwa amejiapiza kwamba leo atatulia kama mtu mzima. Kiapo hakikufika hata mchana.

"Wamefika," mama yake akasema bila kugeuka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchicha uliokwisha kuchambuliwa zamani.

Mama huyu jina lake Rebeka, ila mtaa mzima pale Kilosa unamwita Mama Yared. Waliendelea kumwita hivyo hata baada ya Yared mwenyewe kuzikwa, na hakuna aliyethubutu kuanza kumwita Mama Vaileth. Yared alikuwa dereva wa bodaboda kule Mikumi. Alifia barabara ya Kidodi, msimu wa kuvuna miwa, asubuhi ya manyunyu. Lori lilipita likidondosha miwa, mvua ikailowesha, na tairi la mbele likapanda juu ya muwa mmoja. Muwa mmoja tu, wa kutafunwa na mtoto akitoka shule.

Na kama vile Mungu hana watu wengine wa kuwajaribu, Vaileth naye akaenda kumpenda nani? Rafiki wa Yared wa kijiwe kimoja.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni, karibuni ndani."

Onesphory aliinama kidogo mlangoni kwa sababu ya urefu wake. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, lakini shingoni vumbi la Zombo na Masanze lilikuwa limemchorea mstari mwekundu. Nyuma yake akaingia mshenga wake, Mudathir, mwenyekiti wa kijiwe cha stendi ya Mikumi, mnene na mpole, kanzu yake ameikunjia ndani ya koti kwa ajili ya safari.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba. Poleni na njia."

Vaileth alipoleta maji ya kunawa, macho yake na ya Onesphory yakakutana juu ya beseni. Alimnawisha taratibu kuliko ilivyohitajika. Baba mdogo Elikana, aliyetoka Masanze alfajiri kwa ajili ya shughuli hiyo, akakohoa, na Vaileth akaliondoa beseni haraka.

Wakala. Posa ilikuwa imeletwa mwezi uliopita. Leo ilikuwa siku ya jibu, na kila mtu pale sebuleni alikuwa anatafuna wali kama anatafuna mawe. Vyombo vilipoondolewa, Baba mdogo Elikana akajiweka sawa kwenye kiti.

"Wageni wetu," akaanza, "mlikuja mkabisha hodi, mkasema mna shida na binti yetu. Sisi tumekaa, tumeongea. Kijana hatuna ubaya naye. Yeye Mkatoliki, sisi Waanglikana, hilo mapadri wataelewana wenyewe. Kwao Kidodi tumeuliza, tumeambiwa ni watu wa jembe na watu wa heshima. Sasa..."

"Elikana, subiri." Mama Yared alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, anajifuta mikono kwenye kanga. "Jibu langu nitalitoa mwenyewe."

Akaja akakaa mkekani, mbele ya Onesphory kabisa.

"Mwanangu Onesphory."

"Naam, mama."

"Wewe ulibeba jeneza la Yared."

"Nililibeba, mama."

"Watu walipoondoka, ukabaki unakunja maturubai na kurudisha viti vya kanisa. Nilikuona. Nikasema moyoni, huyu amelelewa. Kwa hiyo sikukatai wewe, hilo lisikie vizuri. Ninalokataa ni hilo dude uliloliegesha hapo nje."

Mudathir akacheka kidogo, kwa nia njema tu. "Mama yetu, pikipiki ni chombo. Ajali haina kinga. Hata kitandani watu wanafia."

Loo! Angejua, angemeza ulimi. Lakini hilo ndilo jibu la bodaboda, kila mmoja analo mfukoni pamoja na funguo. Ukimwambia punguza mwendo, atakwambia kila mtu na siku yake. Ukimwambia vaa kofia ngumu, atakwambia kofia haizuii ahadi. Ukimlilia, atacheka, atapiga kiki, na moshi wake utakuachia puani.

Mama Yared hakukasirika. Heri angekasirika.

"Kitandani," akasema. "Hata Yared alikuwa na majibu yake, baba. Kila alipolala hapa, asubuhi nilimwonya. Mara ya mwisho alikuwa anaondoka bila kunywa chai, na mimi nimeamka kuwasha moto kwa ajili yake, nikapandwa na hasira. Nikamwambia, siku moja utarudishwa umefunikwa shuka. Akacheka. Akaniambia, basi mama, mnifunike lile la maua."

Akainyoosha kanga magotini.

"Nikamfunika lile la maua."

Baba mdogo Elikana alikuwa anaangalia dari. Jikoni Vaileth alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Yeye ndiye aliyelitoa shuka lile sandukuni siku ya msiba, kwa sababu mama yake alikuwa hawezi kusimama.

"Tangu hapo sijamwonya mtu," Mama Yared akaendelea. "Naogopa mdomo wangu. Kwa hiyo wewe sikuonyi. Nakwambia tu. Mimi sikuizalia lami watoto. Imechukua mmoja, imetosha. Achana na pikipiki, Vaileth ni wako, uje umchukue hata kesho. Ukishindwa, tubaki kusalimiana."

"Mama," Onesphory akasema. "Nilijaribu. Baada ya Yared nilijaribu kweli. Nilikwenda kulinda nyumba ya wageni pale Mikumi, nakaa getini toka jua linazama mpaka linachomoza. Nilikonda mpaka watu wakaniuliza kama naumwa. Kazi ninayoijua ni hii. Siwezi kukudanganya hapa mbele ya wazee kwamba nitaiacha, halafu nikaipanda kwa kujificha."

"Umesema kweli," Mama Yared akajibu. "Basi na mimi nimesema."

*

Mudathir alikwenda msikitini kuwahi alasiri, na Vaileth akapewa ruhusa ya kumsindikiza Onesphory mpaka darajani. Waliisukuma pikipiki katikati yao. Chini yao mto Mkondoa ulikuwa umejaa, maji mekundu yakivuta magogo.

"Umenikasirikia?" Onesphory akauliza.

"Kwa lipi? Kwa kusema kweli?"

"Ningeweza kudanganya. Mudathir alinishauri nidanganye."

"Ungedanganya ningejua. Huwa unakuna shingo."

Akacheka, na kweli mkono wake ulikuwa unakwenda shingoni. Kisha kicheko kikakatika. Akaegemeza pikipiki kwenye ukuta wa daraja, akamgeukia.

"Unajua nilikupendea nini, Vai?"

"Wali wangu."

"Wali wako una mawe." Akamshika mkono, kwa siri, upande ambao wapita njia hawaoni. "Sikiliza. Kila mtu ana neno la kunipa. Abiria hajakaa vizuri, 'polepole kaka'. Mama yangu kule Kidodi akiniona navaa koti tu anaanza rozari. Muuza maandazi, trafiki, padri, wote. Naondoka asubuhi nimebebeshwa vifo vya watu wote. Wewe tu, tangu nikujue, hujawahi. Nakwambia naenda, unasema 'haya'. Basi. Napanda pikipiki nikiwa mwepesi."

Vaileth akaangalia maji. Angemwambia nini? Kwamba hilo "haya" lilikuwa linamtoka kama jino? Kwamba kila mara alikuwa na maneno mdomoni, yale yale ya mama yake, anayang'ata mpaka ladha ya damu inamjia? Alinyamaza kwa sababu alimpenda, na kwa sababu aliona kwa kaka yake maonyo yalikoishia. Kama mwanaume wake alihitaji mtu mmoja duniani asiyemwogopea, basi atakuwa yeye, hata kama ni uongo.

"Haya," akasema.

"Umeona?" Onesphory akatabasamu kwa huzuni. "Lakini neno la mama lile ni zito. Halifai kubebwa kichwani mpaka Mikumi. Nitalipeleka linapostahili kukaa."

"Wapi?"

"Utaona nikirudi."

Mudathir alipotoka msikitini na kupanda nyuma, Onesphory akavaa kofia, akapiga kiki. Vaileth alisimama pale mpaka kile kikohozi kilipomezwa na miti, halafu akaenda nyumbani kusubiri bip. Ndiyo yalikuwa makubaliano yao: akifika anabipu mara moja, na Vaileth hapokei. Bip moja maana yake ni mzima. Jioni ile ilikuja mapema.

*

Jumamosi ya wiki iliyofuata alirudi, safari hii peke yake, akiwa na mkungu wa ndizi kutoka kwao Kidodi aliofungia nyuma ya kiti. Vaileth alikuwa uani anafua. Alimwona mama yake akitoka na ufagio, akipokea shikamoo, akipokea ndizi, akisema asante baba, yote kwa utaratibu. Halafu Mama Yared akazunguka nyuma ya pikipiki kufungua kamba ya mkungu, na pale akasimama.

Bodaboda zote zina kile kipande cha raba kinachoning'inia kwenye madigadi ya nyuma kuzuia tope. Cha Onesphory zamani kilikuwa hakina kitu. Sasa kilikuwa kimepigwa maandishi ya rangi nyeupe, makubwa, safi, ingawa tope la Zombo lilikuwa limeyarukia nusu. Mama Yared alisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"SIKUIZALIA LAMI."

Ufagio ukaanguka.

"Maneno yangu," akasema. "Maneno niliyoyatoa tumboni mwangu, mbele ya wazee. Umenifanya tangazo? Umenizungusha stendi nzima wanichekelee?"

"Hapana, mama. Sivyo."

"Kumbe sivyo! Bangi ndizo zinazokutuma? Vaileth! Njoo uone mkwe uliyeniletea!"

Vaileth alikuja mbio, mikono ina povu. Akasoma. Damu ikampanda usoni. "Ones! Umefanya nini?"

Onesphory alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani kwa mikono miwili. "Mama, nakuomba. Nipige ukitaka, lakini kwanza nikueleze."

"Eleza."

"Kule kijiweni kwetu, neno la kuchekesha hatuliandiki. Mtu akikuonya kwa mazoea, unamjibu kwa mdomo, mnacheka, limeisha. Linaloandikwa ni lile lililokunyima usingizi. Maana ukiliacha kichwani, unaliona mbele yako kila kona. Lori likija unaliona. Nyani akivuka unaliona. Mikono inaanza kutetemeka, na mikono ikitetemeka ndipo unaanguka kweli. Kwa hiyo tunalipeleka kwa Anselmi, yule anayeandika mabango ya bucha. Analipiga rangi nyuma. Likae nyuma yangu, walisome wanaonifuata. Siyo dharau, mama. Sijawahi kuandika la mtu yeyote. Hata la mama yangu mzazi."

Mama Yared alikuwa bado anahema. "Wote mna hayo?"

"Wengi. Mudathir ana la binti yake, BABA RUDI MAPEMA. Kuna kijana Lupakisyo, kalelewa na bibi yake. Lake linasema NANI ATANIZIKA MIMI."

Upepo ukaipepesa ile raba. Mama Yared aliuliza kwa sauti ndogo ambayo Vaileth hakuwa ameisikia tangu siku ya msiba.

"Na Yared? La Yared lilisemaje?"

Onesphory akaigeuza kofia mikononi. Akamwangalia Vaileth kama anayeomba ruhusa, lakini Vaileth naye alikuwa anasubiri jibu.

"Raba ya Yared ilikuwa tupu, mama. Anselmi alimwambia mara nyingi, lete neno nikuandikie. Akakataa. Alisema maneno ya mama yangu hayawezi kukaa kwenye tope."

Mama Yared akakaa chini. Hakutafuta kigoda wala jiwe, alikaa pale pale kwenye vumbi alilokuwa analifagia.

"Kwa hiyo aliyabeba."

"Aliyabeba, mama. Wakati mwingine tukiwa tumekaa kwenye foleni, ananyamaza, halafu ananiambia, leo bimkubwa kasema hivi na hivi. Anayarudia yote."

"Mimi nilidhani alikuwa anacheka tu," Mama Yared akasema. "Miaka yote ile. Nilidhani hasikii."

Akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama mtu anayekamua nguo nzito, kidogo kidogo, mpaka maji yakaisha. Vaileth alipiga magoti akamshika mabega. Onesphory aligeuka upande, naye akajifuta macho kwa mkono wa koti.

Ilipokwisha, Mama Yared hakusimama. Alijivuta mpaka karibu na gurudumu la nyuma, akaishika ncha ya kanga yake, akaitemea mate, akaanza kufuta tope kwenye raba. Alifuta herufi moja moja. Alipomaliza, maandishi yalikuwa yanang'aa.

"Kama ni kusomwa," akasema, "lisomeke."

"Mama..."

"Kamwambie mshenga wako arudi. Aje na wazee wa Kidodi. Mimi sina tena cha kuzuia." Akanyoosha mkono, Onesphory akamwinua. "Kumbe mnasikia. Basi hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka. Uende salama, mwanangu."

Hilo "uende salama" alikuwa hajamwambia mtu tangu Yared azikwe.

Vaileth angepaswa kupiga kigelegele. Hiyo ndiyo siku aliyoililia, aliyoiombea, aliyoidarizia shuka jeupe pembe zote nne akingoja. Onesphory alimwangalia kwa macho yanayowaka furaha, akamkonyeza nyuma ya mgongo wa mama, naye akatabasamu. Lakini lilikuwa limebaki neno moja la Onesphory linamzunguka kichwani. Mikono inaanza kutetemeka. Yeye alimpenda mtu asiyeogopa. Ndivyo alivyodhani. Kumbe mwanaume huyu alikuwa anaogopa kila siku, kila kona, na anacheka vile vile alivyocheka Yared.

"Naenda, Vai. Nikimbie mvua."

"Haya," akasema. Lilimtoka kwa shida kuliko siku zote.

*

Mvua ilimkuta njiani. Vaileth aliiona ikitoka upande wa kijiji cha Ulaya, nyeusi, ikishuka juu ya miti. Mama yake alikuwa amekwenda kwa jirani, kwenye sala ya Umoja wa Mama, kutoa shukrani. Jua likazama. Bip haikuja.

Aliwasha taa. Aliweka simu mezani, akaihamishia kitandani, akairudisha mezani. Akapiga yeye; mtu wa kwenye simu akamwambia namba anayopiga haipatikani. Alianza kushona gauni la mteja, sindano ikamchoma, akaacha. Akapiga tena. Haipatikani. Akasikia pikipiki, akakimbilia dirishani. Haikuwa na kikohozi. Ikaja nyingine, nayo ikapita.

Hajui alifika saa ngapi kwenye sanduku. Alijikuta tu amepiga magoti mbele yake, kifuniko kiko wazi, na mikono yake inatafuta. Ilitafuta chini ya vitenge, chini ya mapazia, ikalitoa lile shuka jeupe la harusi alilolidarizi. Akalikunjua. Akalipima kwa macho, urefu wa mtu mrefu, mtu anayeinama mlangoni.

"Vaileth."

Mama yake alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mwavuli unachuruzika. Aliliona shuka. Hakuuliza. Aliweka mwavuli chini, akaja akachuchumaa, akamtoa shuka mikononi na kulikunja upya, pembe kwa pembe.

"Hajapiga?" akauliza.

"Hajapiga."

"Atapiga. Ni mvua tu."

"Mama, nilikuwa nalipima. Nilikuwa nalipima kama litamtosha."

"Najua. Mimi nililipima la maua miaka kabla halijatumika."

Vaileth akajilaza kwenye mapaja ya mama yake, mtu mzima mwenye cherehani yake na wateja wake, akalia kama mtoto. Mama Yared akampapasa nywele.

"Umeniruhusu nimpate," Vaileth akasema, "halafu sasa..."

"Nimekuruhusu, mwanangu. Sikusema kama utaweza. Hilo hakuna anayemwambia mwenzake."

Simu ikalia. Haikuwa bip, ililia mfululizo. Namba ngeni. Wote wawili waliitazama, na hakuna aliyenyoosha mkono mpaka ilipokaribia kukatika.

"Haloo?"

"Vai! Mimi. Natumia simu ya Mudathir, yangu imelowa, imekufa kabisa. Tope la Zombo, wee! Tumesukumana mpaka basi. Nimefika sasa hivi. Ulishaanza kunililia?" Na akacheka.

Kilikuwa kicheko kizuri. Angeweza kuzeeka akikisikiliza kicheko kile. Alisubiri furaha ije, ile ambayo bip humletea kila jioni, ya kumfanya aimbe akiwa anaosha vyombo. Haikuja. Kilichokuja ni kuona jioni zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, mpaka nywele zao wote wawili ziwe nyeupe, na katika kila moja yeye yuko mbele ya sanduku.

"Ones."

"Naam, mpenzi."

"Usimlete mshenga."

Upande wa pili mvua ilikuwa inapiga bati la stendi. "Umesemaje?"

"Usimlete. Siwezi."

"Mama amekubali, Vai! Leo, kwa mdomo wake! Amenifutia tope!"

"Mama amekubali. Mimi ndiye niliyeshindwa. Nimekuzika leo, Ones. Nilikuwa nimeshatoa shuka. Na leo siyo mara ya kwanza, ni vile tu leo nimejiona."

"Nitaiuza. Kesho asubuhi naiuza, sikiliza, naapa..."

"Unakuna shingo."

Hakukanusha. Vaileth alisikia pumzi yake, kisha kitu kama kwikwi, kisha sauti za wenzake kwa mbali wakitaniana, wakimwambia aende akale.

"Nakupenda," Vaileth akasema. "Hilo usilitilie shaka hata siku moja. Sikupata mwingine na sidhani nitampata. Lakini nina neno nimekunyima tangu tukutane, na usiku wa leo siwezi kulala nalo."

"Usiliseme, Vai. Nakuomba. Wewe usiliseme."

Alifumba macho.

"Endesha polepole, Ones."

Hakukuwa na jibu la mfukoni kwa hilo. Mvua ilinyesha juu ya Mikumi na juu ya Kilosa, halafu Onesphory akasema neno ambalo siku zote lilikuwa la Vaileth.

"Haya."

Akakata simu.

*

Masika yalikuwa yanaelekea kwisha Vaileth alipomwona tena. Alikuwa ametoka sokoni na mama yake, wamebeba nyanya, wamesimama kando ya barabara kungoja magari yapite. Alikisikia kikohozi kabla hajakiona chombo, na moyo wake ukajipiga kwenye mbavu kama zamani.

Onesphory alipita bila kuwaona. Alikuwa amembeba mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na kofia ngumu ilikuwa kichwani kwa yule mama. Amekonda. Koti ni lile lile. Alipowapita, Vaileth akaiona raba ya nyuma. SIKUIZALIA LAMI haikuwepo tena. Ilikuwa raba mpya, nyeusi, na rangi ya Anselmi ilikuwa mbichi bado.

ENDESHA POLEPOLE.

Mama Yared aliisoma, midomo yake ikitembea. Akautafuta mkono wa binti yake akaushika.

Bodaboda nyingine zilimpita Onesphory kushoto na kulia, zikimpigia honi, vijana wakimgeukia na kumcheka kwa mwendo wake. Hakujali. Alikwenda kama mtu aliyebeba mayai, akakwepa dimbwi, akampisha mbuzi, akasimama kabisa kwa ajili ya mtoto aliyekuwa mbali bado.

"Kweli anaendesha polepole," Mama Yared akasema.

Vaileth alisimama na kikapu chake mpaka mwisho, na kwa mwendo ule, ilimchukua Onesphory muda mrefu sana kupotea machoni pake.